Mtu Mmoja Aliyembakia Aminieli

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, ukoo wote wa Mzee Lesikar, walimu mliofundisha na marehemu, na ninyi majirani mliotoka Tengeru na mliopanda huku kutoka Nduruma kwenye jua lile, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi ni Naftali, mdogo wake marehemu kwa baba, mtoto wa mama mdogo, nafanya kazi kwenye vitalu vya miti kule Olmotonyi, na leo Jumamosi tarehe 24 Mei 1958 ukoo umenisimamisha niwasomee maisha ya kaka yangu, kwa sababu kwetu anayemfuata marehemu katika wanaume ndiye asomaye, na wanaume wa baba yetu tulikuwa wawili tu, sasa nimebaki peke yangu. Mzee Kaanaeli, katibu wa wazee wa kanisa, aliniomba jana niandike kwa kifupi na niruke yasiyojenga, nami nikamwitikia ndiyo mzee, kisha nikaenda nyumbani nikaandika yote. Kwa hiyo Mzee Kaanaeli, starehe tu hapo ulipo, na ukikohoa nitangoja umalize.

Marehemu Aminieli Lesikar alizaliwa tarehe 14 Machi 1905 hapa Akeri, enzi za Mjerumani, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Lesikar na mke wake mkubwa, ambaye baadaye alibatizwa akaitwa Penina, na ambaye ndiye aliyenilea mimi, Mungu amweke pema. Mama Penina alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kusema kabla ya kutembea, na kwamba alipoanza kutembea ilikuwa ni kumfuata mtu ambaye alikuwa hajamaliza kusema naye. Wanaomjua wanaona kwamba hakubadilika.

Alianza shule ya misheni mwaka 1914, akasoma huku vita vikiendelea na walimu wakiondoka mmoja mmoja, akabatizwa sikukuu ya Krismasi mwaka 1918, akapata kipaimara mwaka 1921, na mwaka 1924 akapelekwa Marangu kujifunza ualimu na uinjilisti, akarudi mwishoni mwa mwaka 1925 na suruali ndefu, Biblia yake mwenyewe, na moto. Tangu Januari 1926 alikuwa mwalimu wa shule yetu hii ya mtaa na mwinjilisti wake, kazi aliyoifanya mpaka sauti ilipomwishia, na katika miaka yote hiyo hakuchelewa darasani hata mvua ilipobomoa daraja.

Lakini ninyi hamkuja hapa kwa ajili ya mahubiri yake ya Jumapili, ambayo tuseme ukweli yalikuwa marefu na watu walisinzia, mmekuja kwa sababu wengi wenu aliwaleta kwa Yesu mmoja mmoja, uso kwa uso, nyumbani kwenu, kwenye kahawa, kwenye mfereji, popote alipowakuta hamna pa kukimbilia. Alikuwa na jicho la kumwona mtu wakati amebanwa, amefiwa, anaumwa, au ana mzigo kichwani, hapo ndipo alipokuja na kusema kwa sauti ya chini kabisa, ndugu yangu, je, roho yako iko wapi leo? Rafiki yake Saruni, rika lake, mnywaji aliyejulikana mpaka kwa wenye mashamba, alisindikizwa naye mwaka 1926 kutoka Akeri mpaka soko la Tengeru akiwa amejitwika mikungu ya ndizi, na Saruni mwenyewe husema alikubali kubatizwa ili aruhusiwe kutua mzigo. Namwona pale anacheka, na acheke, maana tangu siku hiyo hajalala mtaroni, na watoto wake wote wamesoma. Mama Penina alibatizwa mwaka 1927, dada zetu watatu wakafuata, mashemeji wakafuata, na siwezi kusimama hapa nikasema kazi hiyo haikuwa na faida.

Tarehe 17 Novemba 1928 alifunga ndoa na Tekla, binti wa Machame, mwanamke mpole aliyemvumilia, nao walijaliwa watoto watatu, Elinami aliyezaliwa mwaka 1930, Aika mwaka 1933, na Penina mdogo mwaka 1937. Pole sana shemeji, pole wanangu, mlimpenda baba yenu na baba yenu aliwapenda, na nitakayosema sasa si ya kwenu.

Alikuwa amebaki baba. Mzee Lesikar alikuwa na wake wawili, Mama Penina na mama yangu Anande, binti wa Nduruma aliyeolewa hapa mwaka 1925, kila mmoja na nyumba yake na migomba yake kama ilivyo kwetu, na mwaka 1927 mama akanizaa mimi. Kila mtu hapa anaijua sheria ya kanisa ya wakati ule, kwamba mwanamume mwenye wake wawili hapati ubatizo mpaka abaki na mmoja, na baba alikuwa ameshasema kwamba huo moto wenu ataukuta akifika, kwa sasa ana wake wawili na wote wanapika vizuri. Mwaka 1930 miguu ya baba ilianza kuvimba, akawa mtu wa kulala, na kaka akapata mtu aliyebanwa.

Alikwenda kwake kila jioni baada ya darasa, akivuta kigoda karibu na kitanda na kumweleza habari za hukumu bila kupaza sauti, na baba yetu, ambaye akiita ng'ombe huku juu walisikia mpaka barabarani, alianza kulia. Mwishowe akakubali, ila akaomba jambo moja tu, kwamba Anande asifukuzwe, aachwe kwenye nyumba yake na migomba yake amlee mtoto wake, naye baba hatakanyaga mlangoni pake tena mpaka kufa. Halikuwa jambo geni, wapo wazee wa Meru waliobatizwa hivyo hivyo, na mchungaji wa wakati ule alipoulizwa alisema hana neno. Aliyekuwa na neno ni kaka. Alisema baba wa mwinjilisti hawezi kusemwa kwamba ameficha mke nyuma ya kahawa, kwamba watu watacheka na ushuhuda utaharibika, na kwamba mama mdogo lazima aondoke kabisa. Tazameni basi, kanisa lilikuwa limelegeza kamba, mtoto wa kwanza akaikaza.

Jumamosi tarehe 28 Machi 1931, siku moja kabla ya Jumapili ya Mitende, kaka alikwenda mwenyewe kwenye nyumba ya mama, akamkuta anakata majani ya mbuzi, akamwamkia kwa adabu zote, shikamoo mama mdogo, naye akaitikia marahaba mwanangu, kisha akamwambia aondoke kabla ya giza. Mama aliuliza swali moja tu, mtoto je, na akajibiwa kwamba mtoto ni wa ukoo wa baba yake, jambo ambalo ni kweli kwa desturi, na kwamba hatapelekwa kulelewa na mpagani. Akaondoka na jembe na blanketi. Nilikuwa na miaka minne, sikumbuki uso wake wa siku hiyo, nakumbuka mikono ya kaka Aminieli iliyonikamata kiunoni nisimkimbilie, na jinsi nilivyoiuma na haikulegea.

Pasaka, tarehe 5 Aprili 1931, baba alibatizwa, na jina la ubatizo alichaguliwa na mwanawe, akaitwa Yakobo. Wasomaji wa Biblia wanamjua Yakobo alikuwa na wanawake wangapi nyumbani kwake, lakini siku ile hakuna aliyecheka, na leo naona wawili watatu mmeinamisha vichwa, basi inueni, si kosa lenu. Nyumba ya mama ilibomolewa mwezi uliofuata, migomba yake ikafyekwa, na kiwanja kikatolewa kwa mtaa ili pajengwe nyumba ya ibada, ndiyo hii mliyokaa ndani yake sasa.

Baba alifariki tarehe 9 Agosti 1933, na habari zilipofika Nduruma mama alitembea mpaka hapa aje kunyolewa. Watu wa makabila mengine wanisamehe nikieleza, kwetu mjane hunyolewa kichwa uani kwa mumewe, na asiponyolewa ni kama mume hakufa, au kama hakuwahi kuwa na mume. Kaka alimkuta kwenye lango, akasimama katikati, na mbele ya waombolezaji wote akaanza kumhubiria, akimwambia habari za dhambi na toba, mwanamke aliyefiwa, ana vumbi mpaka magotini. Mama Penina, mke mwenzake, alitoka ndani na wembe akasema mlete nimnyoe, huyu ni mwenzangu, na kaka akauchukua wembe kutoka mkononi mwa mama yake mzazi. Alisema mwenye kutaka kuingia mji huu ataingia kwa kuamini. Mama Anande akageuka na nywele zake. Nilikuwa nyuma ya watu, sikuruhusiwa kusogea, na nasema wazi mbele ya jeneza hili kwamba kuanzia saa ile nilimchukia kaka yangu, nikamchukia nikiwa naimba katika kwaya yake, nikamchukia akiwa ananifundisha kusoma.

Lakini mwiba huchoma hata aliyeupanda. Mwaka 1934, sokoni Tengeru, kaka alipokuwa akimshuhudia mtu mmoja muuza tumbaku, mtu yule alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwuliza, mwalimu, umeleta mama, umeleta baba, umeleta dada na mashemeji, na yule uliyemtupa porini ameokoka au bado? Watu wakacheka. Kaka alirudi nyumbani hakula, shemeji Tekla ni shahidi, na tangu hapo hakupata raha, kwa sababu mnafiki hakuwa, aliamini kila alichokisema, na aliamini kwamba mwanamke yule akipotea, roho yake itadaiwa mikononi mwake.

Ndipo kila mwaka ifikapo Januari, kahawa ikishavunwa na shule haijafunguliwa, kaka alianza kuteremka Nduruma kwa miguu, kwenye joto lile ambalo mtu wa migombani hulijua kwa mateso, kumshuhudia mama mdogo. Alikwenda mwaka wa vita, alikwenda mwaka wa njaa, na alikwenda hata Januari ya 1952, wakati wenzetu wameshaondolewa kwa nguvu na serikali kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki na kila Mmeru ana jambo moja tu la kusema, yeye alikuwa na lake. Mama alimpokea vizuri kila mara, akampa kigoda kivulini, maji ya kunywa, ugali na maziwa, akakaa chini kumsikiliza akielezwa uchungu wake, ukaidi wake, na ibada za mizimu ambazo hakuwahi kuzifanya, na jua likigeuka alimwambia nimesikia mwanangu, nenda salama. Kaka alirudi akilia, akituambia bado ni mgumu, na hapa kanisani tulimwombea kwa jina, Bwana mlainishe Anande, ninyi nyote mmeitikia amina.

Sasa kaeni vizuri. Mama yangu Anande alibatizwa Jumapili tarehe 20 Desemba 1936, katika mtaa wa Nduruma, akaitwa Hanna. Aliyemleta hakuwa mwinjilisti wala mwalimu, alikuwa jirani yake, mjane aitwaye Susana, ambaye alilima naye shamba moja, akampikia uji alipokuwa na homa, na hakumhubiria neno mpaka siku mama mwenyewe alipomwuliza, wewe Susana, huwa unazungumza na nani ukilima? Basi akamwambia. Mama aliwaomba watu wa mtaa ule wasimtaje kwa mgeni wake wa Januari, nao wakamtunzia, na kwa kweli haikuwa kazi, kwa sababu kaka alikuja asubuhi akaondoka jioni, hakuingia kanisani kwao, na katika kusema kwake kote hakuwahi kumwuliza mama mdogo habari zake.

Mimi nilijua mwaka 1946, nilipopata kazi Olmotonyi na kuwa mtu wa mshahara wangu, nikashuka Nduruma kumtafuta mama ambaye nilikuwa nimekatazwa miaka kumi na mitano. Nilimkuta mlangoni anachambua maharage, akanitazama akaniita kwa jina langu la utoto, na mengine ya siku hiyo ni yetu wawili. Nilipouona wembamba wake na kitabu chake cha nyimbo, naye akanieleza ubatizo wake, nikasema, mama, huyu mtu anateseka bure, mwambie basi, au niruhusu nimwambie mimi. Akanikataza. Alisema anangoja neno moja kutoka kwa Aminieli, na mpaka litoke, aje tu, njia anaijua. Nilinyamaza miaka kumi na miwili, na kila Januari nilipomwona kaka akifunga kamba za viatu, sitawadanganya, nilifurahi.

Kaka alianza kuugua koo mwezi Machi 1957, kwanza ikasemwa ni mafua, kisha ni chaki, na mwezi Septemba daktari wa hospitali ya Arusha akasema ni uvimbe usio na dawa, akarudishwa nyumbani. Kufikia Krismasi sauti ilikuwa imekwisha kabisa, mtu aliyesema tangu utotoni akawa anatusikiliza sisi. Januari hakuweza kwenda Nduruma, akawa anatazama mlango, na mwezi huu wa Mei, mikono imeshavimba haiwezi kushika kikombe wala kalamu, alituonyesha kwa macho na kwa kidole, upande wa chini, upande wa joto, mpaka Elinami akaelewa akapanda lori kwenda kumleta bibi yake mdogo.

Mama alifika Jumatano tarehe 21 Mei, mchana, akaingia lango lile, safari hii hakuna aliyemzuia. Mchungaji alikuwepo na bakuli la maji limeandaliwa juu ya meza, kwa kuwa wote tulijua, yaani ninyi mlijua, kwamba marehemu anataka kumwona mama mdogo akibatizwa kabla hajafumba macho. Kaka alipomwona alilia, akaangalia lile bakuli, akamwangalia yeye, na mchungaji akaanza, mama, ndugu yetu anakuomba kwa mara ya mwisho. Mama akamwambia, baba mchungaji, mwaga hayo maji, mimi ni Hanna, nilibatizwa Desemba 1936, na huyu Naftali anajua.

Nimemwona kaka yangu akifurahi mara nyingi, lakini sijawahi kuuona uso ule, ulikuwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo, ukadumu hivyo kidogo, kisha nikaona anahesabu Januari zote na furaha ikamtoka. Mama alikaa kitandani karibu naye, akasema bila hasira, Aminieli mwanangu, umekuja kwangu miaka ishirini na mitatu kuniambia nitubu, nilikuwa nakungoja siku moja tu uje wewe utubu. Ningekusamehe siku ile ile, na chakula kilikuwepo.

Kaka alifungua mdomo. Tulimwona akisukuma, mishipa ya shingo imesimama, na hakuna kilichotoka ila pumzi. Shemeji Tekla alipiga magoti akasema mama, anaomba msamaha, si unaona, na mchungaji naye akasema mama, Mungu anauona moyo, mpe neno afe kwa amani. Mama akasema, Mungu anauona, sawa, mimi naona mdomo, nyamazeni aseme mwenyewe. Akachukua maji akamlowesha midomo kwa kitambaa, taratibu kama mtu anayemhudumia mtoto wake wa kumzaa, akamfuta jasho, akamgeuza mto, akamlisha maji kwa tone, akamngoja, kaka akajaribu tena na tena akimtazama, na neno halikutoka kwa yeyote kati yao. Kaka yangu Aminieli alifariki siku hiyo saa kumi na mbili jioni, mdomo wazi, na mama ndiye aliyemfunga macho.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru daktari na wauguzi wa Arusha waliotuambia ukweli mapema, mchungaji aliyekuja kila alipoitwa, walimu wenzake walioshika darasa lake, kina mama mliopika tangu Alhamisi na vijana mliochimba kaburi kwenye mawe yale, na watu wa Nduruma, hasa Mama Susana, ambaye kazi aliyoifanya mtaani kwake ndugu yangu aliililia miaka yote. Mzee Kaanaeli, asante kwa kunivumilia, nimebakiza kidogo.

Kaka Aminieli, jana nilimwuliza mama niandike nini kwa upande wake, niandike amekusamehe au niandike hajakusamehe, kwa sababu watu watataka kujua. Aliniambia nisiandike lolote kati ya hayo, niandike tu kwamba yeye ni Mkristo kama wewe, na anakokwenda ni huko huko ulikokwenda, ulimwomba Mungu miaka mingi umkute huko na Mungu amekusikia, huko utapewa sauti yako, naye hana haraka, atakaa akusikilize. Pumzika kwa amani, kaka, mpaka atakapofika.